Benki imekukata hela isiyo yake? Namna ya kuidai mpaka Mahakama ya Mwanzo hapa Tanga

Haya maelezo ni ya mtu wa kawaida wa huku kwetu, awe Ngamiani, Makorora, Pongwe, Muheza au Pangani, ambae kaangalia salio akakuta limepungua, akaenda kaunta akaambiwa "ni makato ya mfumo mama angu" akarudi nyumbani na hasira zake. Makato ya mfumo sio jibu. Mfumo umewekwa na watu na kila shilingi inayotoka kwenye akaunti yako inatakiwa iwe na sababu iliyoandikwa mahali ambapo we ulikubali, kama haipo basi hela ni yako na unaweza kuidai hata kama ni elfu arobaini tu, na wakili sio lazima.

Ila kwanza tuelewane kitu kimoja maana hapa ndo wengi wanapoangukia. Kuna makato yanayouma na kuna makato yasiyo na msingi. Ada ya mwezi ya akaunti ambayo ipo kwenye orodha ya ada za benki, ukasaini fomu, na inakatwa kile kile kilichoandikwa, hiyo hata ikuume vipi ukienda kumwambia hakimu "ni nyingi sana" utapata tabu. Wenzetu Uingereza walipita njia hii kwa maelfu kuanzia kama 2006, watu walikuwa wanakatwa faini kubwa wakizidisha salio, wakazidai kwenye mahakama ndogo za madai na benki zikawa zinalipa kimya kimya ili zisifike mbele ya jaji. Mwisho Office of Fair Trading, ile taasisi ya serikali ya kule inayolinda wateja kwenye biashara, ikaenda na benki hadi Mahakama ya Juu na tarehe 25 Novemba 2009 benki zikashinda, mahakama ikasema zile ada ni sehemu ya bei ya huduma yenyewe kwaiyo ukubwa wake hauwezi kupimwa kwa ile kanuni ya haki kwenye mikataba ya wateja waliyoitegemea wadai. Madai mengi yaliyokuwa yanasubiri yakafa hapo. Hatufuati sheria zao lakini nataka ulione hilo shimo kabla hujatumbukia: usiende kupigania ukubwa wa ada, nenda kupigania kwamba hukuikubali au haikuwepo.

Sasa yasiyo na msingi ni yapi? Mkopo umeisha afu makato ya mshahara yanaendelea, hii inawapata sana walimu na manesi. Ada imekatwa mara mbili kwa muamala mmoja. Umekatwa ada ya kadi na hujawahi kuomba kadi. ATM haijatoa hela ila salio limeshuka. Bima ya mkopo umelipishwa mara mbili au kwa mkopo ulioshaufunga. Akaunti ya kikundi mliambiwa haina makato ya mwezi na karatasi mnayo, baada ya muda ikageuzwa aina ya akaunti bila kuambiwa mtu. Faini ya kulipa mkopo mapema ambayo kwenye mkataba wako haipo au ipo kwa kiwango kingine. Kama lako linafanana na haya endelea kusoma.

Anza na stetimenti

Usiende kugombana kaunta kabla hujawa na stetimenti mkononi. Omba ya kipindi chote unachokidai, sio ya mwezi mmoja, na kama unatumia aplikesheni ya benki ishushe mwenyewe kwanza maana tawini mara nyingi wanachaji kwa kurasa. Ila kwa ajili ya mahakama utahitaji ile yenye muhuri wa tawi, kwaiyo we soma kwanza ya kwenye simu, ukishajua miezi unayoitaka ndo ukachukue ya muhuri. Wakikuzungusha waandikie kwa maandishi kwamba unaomba taarifa zako, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakupa haki ya kupata taarifa zako mwenyewe ambazo mtu mwingine kazihifadhi, na benki wanalijua hilo.

Ukishaipata kaa nayo chini na kalamu nyekundu. Utaona ada moja mara nyingi inakuja na vistari viwili vitatu chini yake, kuna ada yenyewe, kuna ushuru wa bidhaa asilimia 10, kuna VAT asilimia 18. Hizo kodi zinaenda serikalini na benki inakusanya tu, kwaiyo usiziandike kama wizi wa benki, watakudharau. Lakini kama ada yenyewe haikustahili basi na kodi iliyopanda juu yake haikustahili, vidai vyote kwa pamoja. Watu wengi wanadai ada peke yake wanaacha kodi humo humo, na kwenye makato ya mwaka mzima sio hela ndogo.

Chukua daftari, chora safu nne: tarehe, maelezo kama yalivoandikwa kwenye stetimenti neno kwa neno hata kama huyaelewi, kiasi, na kwanini unasema sio halali. Ile safu ya nne ndo kesi yako yote. Kama kuna mstari huwezi kuandika sababu yake, uache, usiuweke kwa kubahatisha maana mstari mmoja wa uongo unaharibu kumi ya kweli.

Tafuta ulichosaini

Fomu ya kufungulia akaunti, mkataba wa mkopo, barua ya kuthibitisha mkopo umeisha kama unayo, na orodha ya ada ya benki ya kipindi kile. Hii orodha benki huwa inabandika tawini na kuweka kwenye tovuti yake, ipige picha, na angalia tarehe yake maana inabadilika, usije ukabishana na orodha ya mwaka huu kwa makato ya mwaka juzi. Kama nakala ya mkataba huna iombe tawini kwa barua na ubaki na kopi iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Mikataba mingi ni ya kiingereza na maandishi madogo, tafuta mtu anayeelewa akusomee sehemu ya ada, ya kubadilisha ada, na ya migogoro. Hiyo ya migogoro usiiruke, kuna mikataba inasema lazima muanze na usuluhishi kabla ya mahakama, na usipofuata hilo benki italiinua siku ya kwanza tu.

Barua kwa meneja wa tawi

Simu ya kastama kea piga kama unataka, andika namba ya malalamiko watakayokupa, ila simu haimfungi mtu. Kinachomfunga ni barua. Iwe fupi, isiwe na matusi wala hadithi ya maisha. Mfano:

*Meneja wa Tawi, Benki ya (jina kamili), Tawi la (jina), Tanga.*

*YAH: KUREJESHEWA SHILINGI 555,000 ZILIZOKATWA KIMAKOSA KWENYE AKAUNTI NAMBA (...)*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mteja wenu mwenye akaunti tajwa. Mkopo wangu ulikamilika tarehe (...) kama inavyoonekana kwenye mkataba na kwenye taarifa ya akaunti niliyoambatanisha. Baada ya hapo nimeendelea kukatwa shilingi 185,000 kwa mwezi kwa miezi mitatu, jumla shilingi 555,000, kama jedwali linavyoonesha. Naomba kurejeshewa kiasi hicho chote ndani ya siku 14 tangu kupokelewa kwa barua hii, au kupewa kwa maandishi kifungu cha mkataba kinachoruhusu makato hayo. Nisipopata majibu nitapeleka malalamiko Benki Kuu na hatimaye mahakamani.*

*Wako, (jina, sahihi, namba ya simu, tarehe)*

Hizo siku 14 ni zako wewe umeziweka, unaweza kuweka 21. Maneno ya muhimu pale ni "kifungu cha mkataba kinachoruhusu makato hayo", maana yanawalazimisha wachague, ama waoneshe kifungu ama warudishe, na kama wakinyamaza basi ukimya wao nao utaupeleka kwa hakimu. Peleka nakala mbili, moja waipokee na ya pili wakugongee muhuri, tarehe na jina la aliyepokea. Akikataa kugonga usibishane, nenda posta uitume kwa rejista ubaki na risiti. Kama unakatwa kwenye mshahara nakala nyingine ipeleke kwa mwajiri, kwa watumishi wa halmashauri ni ofisi ya utumishi, ili mwezi unaofuata usikatwe tena wakati unadai ya nyuma.

Sehemu kubwa ya haya mambo inaishia hapa, nasema kwa sababu nimewasaidia majirani na akina mama wa soko la Mgandini kuandika hizi barua na nimeona namna lugha ya pale kaunta inavobadilika ukishakuwa na karatasi yenye jedwali. Mtu ambae jana alisema ni mfumo leo anasema "tutalifuatilia".

Benki Kuu

Wasipojibu au wakijibu ovyo, kuna Benki Kuu ya Tanzania, BoT. Inasimamia mabenki yote na ina dawati la malalamiko ya wateja, na tangu 2019 kuna kanuni maalum za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha ambazo zinazitaka benki ziweke ada zao wazi na ziwe na utaratibu wa kushughulikia malalamiko. Huduma haina malipo. Sharti lake kubwa ni kwamba lazima uwe umeanza na benki yenyewe kwanza, ndo maana ile kopi yenye muhuri ni dhahabu.

Hapa Tanga BoT haina tawi, yapo Arusha, Dar, Dodoma, Mwanza, Mbeya, Mtwara na Zanzibar, lakini usipande basi pale Kange kwa ajili ya hili, malalamiko yanapokelewa kwa mtandao na kwa barua. Ambatanisha barua yako, jibu la benki kama lipo, stetimenti na jedwali. Usiende BoT na mahakamani kwa wakati mmoja, jambo likishakuwa mbele ya hakimu dawati linakaa pembeni. Maoni yangu anza BoT, kwasababu benki inamuogopa msimamizi wake kuliko inavyoogopa kesi ya laki tano, afu hata ukishindwa kule bado mlango wa mahakama haujafungwa.

Wakati unasubiri usisahau muda. Madai yanayotokana na mkataba Sheria ya Ukomo inatoa miaka 6 tangu haki ya kudai ilipoanza, kuandikiana barua na benki hakusimamishi huo muda.

Kabla ya kufungua kesi jiulize haya

Benki ni ya nani? Hili naliwekea mkazo. Kama serikali ndo mmiliki pekee au mwenye hisa nyingi, kuna uwezekano mkubwa sheria ya mashauri dhidi ya serikali ikahusika baada ya mabadiliko ya 2020, na hapo unatakiwa kutoa notisi ya siku 90 na kesi inakwenda Mahakama Kuu na Mwanasheria Mkuu wa Serikali anaunganishwa. Hiyo sio kesi ya kwenda peke yako na bahasha. Kwa benki za namna hiyo pambana mpaka mwisho kule BoT, na ukiona lazima mahakama tafuta ushauri wa mwanasheria kwanza.

Jina lipi? Unayemshtaki ni kampuni, sio meneja wa tawi wala yule dada wa kaunta. Andika jina kamili la kisheria kama lilivo kwenye mkataba, na lile Plc au Limited mwishoni usiliache.

Unadai nini? Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka ya kusikiliza deni la madai linalotokana na mkataba lisilozidi shilingi milioni 30, kiwango hicho kilipandishwa 2016, zamani kilikuwa kidogo sana. Sasa angalia maneno, ni deni linalotokana na mkataba. Kwaiyo dai hela iliyokatwa, shilingi kwa shilingi, usichomeke na milioni tano za "usumbufu na kuumizwa kisaikolojia". Najua umesumbuka, lakini ukichanganya fidia humo unawapa benki nafasi ya kusema mahakama hii haina mamlaka, na kesi nzuri inafutwa kwa tamaa ya kipande kisichoshikika. Gharama za kesi unaweza kuziomba, hizo ni sawa.

Kufungua kesi

Nenda Mahakama ya Mwanzo ya eneo ambalo benki inafanyia biashara au ambapo jambo lilitokea, maana yake kama tawi lako lipo mjini ni mahakama ya mjini, kama ni Muheza nenda ya Muheza. Unaingia kwa karani. Madai yanaweza kuletwa kwa maandishi au hata kwa mdomo, ukisema kwa mdomo yanaandikwa na unasaini, lakini nakushauri njoo nayo yameandikwa, stationari yoyote watakuchapia. Weka jina lako kama mdai, jina la benki kama mdaiwa, halafu aya chache: mimi ni mteja tangu lini, tulikubaliana nini, walikata nini na lini, niliwaandikia lini, hawakurudisha, naomba mahakama iamuru walipe kiasi fulani na gharama. Basi. Ada ya kufungua inalipwa kwa kontrol namba, tunza risiti, ni sehemu ya gharama utakazodai. Mfuko ukiwa hauruhusu kabisa muulize karani kuhusu wasaidizi wa kisheria, tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wanatambulika rasmi na hawalipishi.

Baada ya hapo mahakama inatoa samansi kwa benki. Fuatilia ifike, usikae nyumbani ukidhani imefika, kesi nyingi zinaahirishwa kwasababu tu mdaiwa hajapelekewa wito.

Siku ya kusikilizwa

Fika mapema. Mdai asipotokea kesi inaweza kufutwa, na mdaiwa asipotokea na ikathibitika alipata wito unaweza kuomba isikilizwe upande mmoja. Kila kitu kinaendeshwa kwa kiswahili. Benki inaweza kumtuma mfanyakazi wake aiwakilishe, na kama hakimu ni mwenye cheo cha hakimu mkazi basi wanaweza wakaja hata na wakili, usitishike. We kama una shida ya afya au huwezi kusimama kuongea, unaweza kuiomba mahakama imruhusu ndugu yako au mtu wa nyumbani kwako akusemee.

Kipimo cha ushahidi ni cha huruma kuliko watu wanavofikiri. Kwenye madai huhitaji kuthibitisha bila kuacha shaka kama kesi ya jinai, inatosha uzito wa ushahidi wako uwe mkubwa kuliko wa mwenzio. Kwaiyo panga vielelezo kwa mfuatano wa hadithi: mkataba, orodha ya ada, stetimenti yenye muhuri ukiwa umezungushia mistari, barua yenye muhuri wa kupokelewa, majibu yao. Kopi tatu za kila kitu na orijino mkononi. Meseji za benki zichapishe lakini na simu yenyewe njoo nayo, iwe na chaji.

Ukisimama ongea na hakimu sio na yule wa benki. Sema tarehe, kiasi, kifungu. Mkiulizana maswali we muulize mwakilishi wa benki swali moja tu la msingi, "naomba unioneshe mteja alipokubali makato haya", na umuache ajibu. Akianza kueleza namna mfumo unavofanya kazi muache amalize, afu rudia swali lile lile kwa upole. Usijaze maswali mengine ya kumuokoa.

Wakikupigia mpatane

Mara nyingi simu inakuja ukishafungua kesi, "njoo tuyamalize ofisini". Sio vibaya, kupatana ni kuzuri, lakini usifute kesi kwa ahadi ya mdomo. Kama wanarudisha hela yote na ada ya mahakama, mkubaliane kwa maandishi, mpeleke hayo makubaliano kwa hakimu yaingizwe kwenye kumbukumbu ili yawe na nguvu ya amri. Wakikupa nusu na karatasi inayosema huna madai mengine, soma mara mbili kabla ya kusaini, ukisaini ndo imekwisha hiyo.

Baada ya hukumu

Omba nakala ya hukumu siku hiyo hiyo, usingoje. Asiyeridhika ana siku 30 kukata rufaa Mahakama ya Wilaya, na hii inakuhusu hata wewe kama umeshindwa. Ukishinda na benki ikachelewa kulipa unarudi mahakama ile ile kuomba kukazia hukumu, yaani mahakama iilazimishe kulipa. Benki sio mdaiwa wa kuhama usiku na virago, ina jengo, ina magari, ina hela, kwaiyo hatua hii kwa kawaida inakuwa nyepesi kuliko ukimdai mtu binafsi.

Hela ikiingia hakikisha ni kamili kwa jedwali lako, na kama ni makato ya mkopo dai pia barua ya kuthibitisha kwamba mkopo umefungwa, umpelekee na mwajiri. Angalia stetimenti ya mwezi unaofuata na wa pili yake, kuna watu wamerudishiwa laki tano na mwezi wa mbele mfumo ukakata tena ile ile 185,000. Ikitokea hivo safari hii usianze na maelezo marefu, nenda tawini na nakala ya hukumu.